Neno la Asubuhi

Nilikuwa nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu sina utetezi mwingine. Wiki nzima karakana yetu ilikuwa na oda ya sare, nami nilikuwa nimeshona kola mpaka vidole vikafa ganzi. Asubuhi ile binti yangu alisimama kando ya kitanda, akauliza swali lake la kila siku, kuhusu kopo langu la vifungo vya kushonea.

"Mama, kopo lina vifungo vingapi?"

"Vingi."

"Vingi si namba."

Ana miaka sita. Daktari alisema ni usonji, akanipa karatasi ya maelezo. Majirani wakamwita Hakimu, na hilo ndilo lililoshika. Ukimwambia Hakimu asubiri dakika moja, anahesabu hadi sitini, kisha anakuja kukudai. Siku moja nilimwambia mgeni ajisikie yuko nyumbani, Hakimu akamwonyesha vyombo vichafu, kwa kuwa nyumbani watu huosha vyombo.

Ndiyo maana tuna sheria. Kila asubuhi namwambia mambo ya siku, na nikishasema, nimesema. Niliitunga baada ya kumwahidi kwenda sokoni halafu nikampeleka kliniki, akalia mpaka akatapika. Tangu hapo neno la asubuhi halibadilishwi mpaka kesho yake. Anaishika sheria hiyo kuliko mimi.

Siku hiyo tulikuwa na miadi shuleni. Shule mbili zilikuwa zimeshamkataa. Mama yangu, anayekaa naye nikiwa kazini, magoti yamemshinda, na alishasema mwisho wa mwezi anarudi kwake. Hakimu akikosa nafasi hii, mimi nakosa kazi. Sina mtu mwingine wa kumwachia.

"Vingapi, Mama? Hii ni mara ya kumi na moja nauliza."

"Niache," nikamwambia. "Leo sitaki kabisa kusikia sauti yako."

Akanyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nilikifurahia kile kimya. Nikamvalisha, tukatoka. Njia nzima hakusoma namba za milango kwa sauti kama kawaida yake, na mimi nilidhani amepata adabu.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipanga kadi za picha mezani.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Kimya.

"Haya, huyu ni nani?" Aliinua kadi ya kuku. Hakimu alimtazama kuku, akanitazama mimi, akabana midomo.

"Anaongea huyu?"

"Anaongea mno, Mwalimu. Hata leo asubuhi..." Hapo nikakumbuka nililomwambia. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, nimebadilisha. Sasa nataka kuisikia sauti yako. Mjibu Mwalimu."

Akaziba masikio, akaanza kujitikisa kwenye kiti, machozi yakimlengalenga. Nilikuwa namwomba avunje kitu pekee ninachomwambia kila siku kuwa hakivunjwi.

Mwalimu akachukua kalamu. "Mama, nisikudanganye. Hapa tuna walimu wawili kwa watoto thelathini. Asiyeongea kabisa hatutamweza."

Nilishikwa na hasira, tena dhidi ya kinywa changu mwenyewe. Nikalirudia neno la asubuhi polepole, kama ninavyofumua mshono uliokosewa, uzi mmoja mmoja. Sikumwambia asiongee. Nilimwambia sitaki kusikia.

"Mwalimu, naomba mimi nitoke."

"Ukitoka atalia."

"Hatalia." Nikamgeukia Hakimu. "Mama anakwenda kukaa getini. Kule sauti ya humu ndani haisikiki. Mwalimu akimaliza, mtanikuta palepale."

Aliacha kujitikisa. Hilo halikuwa badiliko, lilikuwa nyongeza, na nyongeza anazikubali akielezwa.

Nilikaa getini kwenye benchi la mlinzi. Akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia bado. Nikawa natazama dirisha la ofisi na sisikii kitu. Mtoto huyu alikawia kuongea mpaka miaka minne. Miaka yote hiyo nilisali nisikie neno moja tu, hata tusi ningelipokea.

Baada ya nusu saa walitoka wameshikana mikono.

"Anahesabu mpaka mtu unamwomba apumzike," Mwalimu alisema. "Kadi zote amezijua, na mbili amenisahihisha mimi. Mlete Jumatatu."

Kisha akavua miwani. "Nilimuuliza kwa nini hakujibu ulipokuwepo. Akasema mama hataki kusikia sauti yake."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu, maana ulimi ninao, na ndio ulionifikisha pale. Nilimshukuru, nikamshika mtoto mkono, nikalia mpaka tulipofika kona ya pili. Hakimu alinitazama, akanipa leso yake, hakusema kitu.

Jioni alionyesha maji kwa kidole, akaonyesha sahani kwa kidole. Mama yangu akasema leo nyumba ina amani. Nilikaa mbele ya cherehani, nikashindwa kushona.

Asubuhi nilimkuta amesimama kando ya kitanda.

"Leo ya jana imeisha," alisema. "Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, mwanangu."

"Kopo lina vifungo vingapi?"

Nilikuwa nimechoka vilevile. Saa ilikuwa inanihimiza, na msimamizi wetu hana simile na wachelewaji. Nikashusha kopo, nikamwaga vifungo vyote juu ya shuka, tukaanza kuhesabu kwa sauti. Tulipofika mia mbili na sita nilipotea, kwa kuwa nilikuwa namsikiliza yeye.

"Umekosea, Mama," akasema. "Tunaanza upya."

Tukaanza upya.