Maji Aliyoyamwaga Baba Uwanjani

Baba yangu, Torigoe Kansuke, alitunza udongo wa uwanja mkubwa wa besiboli kule Kansai kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akarudi kwetu Tochigi, na halmashauri ya mji ikampa uwanja wa kriketi autunze, mchezo ambao hakuwahi kuutazama hata dakika moja. Aliyempigia debe ni Nilantha, Msri Lanka aliyemwoa shangazi yangu, nahodha wa timu yetu. Mimi ndiye mwandika alama.

Jumapili ya mechi ya kwanza baba alifanya alichozoea maisha yake yote. Alivuta bomba, akanyunyizia maji pale katikati ya uwanja mpaka udongo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Kwenye besiboli udongo mkavu hutimua vumbi na kuwachubua wachezaji. Nilantha alichelewa kidogo na masufuria ya mgahawani kwake, kwa hiyo aliyeuona kwanza ni nahodha wa wageni kutoka Tokyo. Aliinama, akaubonyeza, akatabasamu. Akashinda kura ya sarafu, akasema sisi tuanze kupiga.

Mpira wa kwanza ulidunda ukapita juu ya kichwa cha mpigaji wetu. Wa pili ulidunda palepale ukatambaa kama nyoka, ukaangusha vile vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake, naye akawa ametolewa. Nikaandika sifuri. Tulitolewa wote kwa mikimbio thelathini na minane. Baada ya chakula jua likakausha udongo, na Tokyo wakaipita hesabu hiyo bila kutoka jasho.

"Shemeji, umetuuza!" Nilantha alifoka.

"Nimewauza vipi? Nimewatengenezea uwanja ambao hata mfalme angeweza kulala juu yake."

"Alale, lakini sisi tulikuja kucheza! Kwetu mpira unadunda chini kwanza ndipo umfikie mpigaji. Hukuliona hilo?"

Kwenye besiboli, mpira ukidunda kabla ya kumfikia mpigaji, mrushaji ameharibu.

"Nilidhani warushaji wao ni wabovu," baba akasema.

Nilantha alitaka kuendelea kukasirika, kicheko kikamshinda.

Jioni shangazi alitupakulia wali na mchuzi wa samaki. Baba alikuwa bado ameumia. "Mrushaji wetu Sawamura," alianza, "ana miaka kumi na saba tu, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nne, aliwatoa Wamarekani wanne mfululizo. Mmoja wao Babe Ruth, mpigaji wao mkubwa kuliko wote! Nyinyi mna nani?"

"Na mechi hiyo mlishinda?"

"Tulifungwa moja bila."

"Ahaa!"

"Cheka tu. Na mpigaji wetu Oh je? Alipeleka mpira jukwaani mara mia nane sitini na nane, huku amesimama kwa mguu mmoja."

"Kama korongo!" Nilantha alinyanyua mguu pale mezani, shangazi akampiga kofi la goti. "Sasa sikiliza, shemeji. Mrushaji wetu Murali, mechi yake ya mwisho kule kwetu Galle, alihitaji kuwatoa watu wanane ili atimize mia nane maishani mwake. Akatoa saba. Akabaki mpigaji mmoja wa mwisho, king'ang'anizi, hatoki. Nchi nzima roho mkononi. Akamtoa! Mia nane kamili."

"Mpigaji wenu akitolewa anarudi tena saa ngapi?"

"Arudi wapi? Anakaa chini. Bradman, Mwaustralia, ndiye mkubwa kuliko wote. Siku ya mwisho alihitaji mikimbio minne tu wastani wake ufike mia. Mpira wa pili ukamtoa. Hakupata nafasi nyingine."

Baba aliweka kijiko chini. "Kwa sifuri?"

"Sifuri."

"Udongo ulikuwaje siku hiyo?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi mchezo wenu wenyewe hamuujui," baba akasema, akaendelea kula.

Kuanzia kesho yake, Nilantha alikuja kila asubuhi kumrushia baba mipira aone inavyodunda, kabla ya kufungua mgahawa. Baba alisukuma roli zito la kushindilia udongo, akanyoa nyasi, akapiga magoti kutazama kila alama ya mdundo. Siku moja alishika mwenyewe kibao cha kupigia. Aliupiga mpira vizuri, akakitupa kibao chini na kukimbia kama mchezaji wa besiboli.

"Beba kibao, shemeji! Ukikinyoosha kikagusa mstari, umefika!" Nilantha alipiga kelele huku akiangusha vijiti kwa mpira kabla baba hajafika.

Mechi iliyofuata walikuja watu wa Yokohama. Kabla ya kura, manahodha wote wawili walichuchumaa pale katikati. Yule wa Yokohama akamwita baba.

"Mzee, leo udongo huu unasemaje?"

Baba aligeuka kutazama kama kuna mzee mwingine nyuma yake. Kule Kansai hakuna kocha aliyewahi kumuuliza kitu.

"Asubuhi mpira utakwenda sawa," alisema taratibu. "Kuanzia saa nane, upande huu unaoelekea mtoni, mpira utaanza kukata kona."

Nilantha alijishika kichwa. "Shemeji! Siri hizo!"

"Udongo hauna timu."

Nilantha alishinda kura, tukaanza kupiga. Tukafikisha mia moja sabini na mmoja. Saa nane na nusu mipira ikaanza kukata kona, na wapigaji wa Yokohama wakatoka mmoja mmoja. Waliishia mia moja sitini na miwili. Tulishinda kwa mikimbio tisa.

Wengine walipokwenda kula, baba alibaki akijaza mashimo yaliyochimbwa na viatu vya warushaji. Nikampelekea daftari langu la alama. Alizisoma alama zote, mstari kwa mstari.

"Ningelipitisha roli mara mbili zaidi," alisema, "mngefika mia mbili."

Macho yalikuwa yamemlowa. Aliinama tena, akaendelea kushindilia udongo.