Akidi ya Watano

Halmashauri ya shule ilikutana katika darasa la pili, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na mlango unaofungika. Watu wazima watano waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamekwama chini ya mbao, na kwa mkao ule hakuna aliyeonekana kuwa na cheo. Mwenyekiti alikuwa kinyozi, na katibu mwalimu mkuu. Wengine walikuwa mkunga mstaafu, muuza mkaa, na fundi cherehani aliyewakilisha wazazi. Wajumbe kamili walikuwa saba, lakini dereva alikuwa safarini, na wa saba, mzee mmoja, alikuwa amelazwa hospitali tangu Jumatatu.

Ruzuku ya kuwainua watoto wa kaya maskini ilikuwa imefika, na wao ndio waliopewa dhamana ya kuisimamia. Jambo kubwa walikwisha kulikubali: aajiriwe mwalimu wa kusoma, afundishe kila alasiri, mwaka mzima, watoto kumi na wawili wa darasa la saba ambao hadi leo kusoma kunawashinda. Ilibaki kupitisha majina, na fomu ifike ofisi ya elimu kabla ya saa kumi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Mwalimu mkuu alisoma orodha polepole. Jina la tisa lilikuwa la binti wa fundi.

Fundi aliinamisha kichwa ili wasimwone uso. Kwa miaka mingi aliamini kwamba binti yake anasoma, kwa sababu alimsikia kila jioni akiteremka na ukurasa bila kukwama. Ni mwaka huu tu alipoufunika ukurasa ule kwa kiganja, akamwambia asome wa pili yake, ndipo nyumba ikawa kimya. Mtoto alikuwa akikariri sauti za wenzake wakisoma darasani. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwaka huu huu; baada ya hapo hakuna darasa jingine la kumngojea.

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Kuna jambo. Kanuni ya nane."

Kanuni hiyo aliileta fundi mwenyewe. Mwaka uliopita kinyozi alimpenyeza mpwa anayemlea katika orodha ya sare za bure, na fundi, aliyezishona sare zile, alisimama akapinga. Tangu siku hiyo, mjumbe ambaye mtoto wa nyumbani kwake yumo orodhani hutoka nje wakati wa kuipitisha. Ofisi ya elimu iliipenda kanuni hiyo, ikaigonga mhuri.

"Basi natoka," fundi akasema akijinasua kwenye dawati.

"Ukitoka tunabaki wanne, mama. Akidi ni watano, chini ya hapo hakuna kinachopita."

Muuza mkaa akaguna. "Shoga yangu, wewe fundi mzima, ulikata kitambaa kabla ya kupima!"

"Asimame mlangoni," kinyozi akapendekeza. "Mguu mmoja ndani, mmoja nje."

"Na saini yake itakuwa nusu?" mkunga akauliza.

"Haya, tumwekee dereva saini. Naijua, ni kama kuku katoka matopeni," kinyozi akasema.

"Ofisi ya elimu wanapiga simu," alisema mwalimu mkuu. "Kila aliyesaini wanampigia. Shule ya mtaa wa pili waligundulika, na ruzuku hawajaiona tena."

Walimpigia dereva. Angefika kesho asubuhi. Mkunga alipiga simu hospitali. Mkwe wa mgonjwa alijibu kwamba mzee hawezi hata kushika kijiko.

"Tupitishe wengine leo," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Wangu tumwongeze wiki ijayo, dereva akirudi."

"Nyongeza hawapokei, mama. Mwisho ni leo."

Hakuna aliyemsihi, na hilo ndilo lililomwelemea. Angekuwapo mmoja wa kumshurutisha, angegombana naye na kuondoka kwa hasira. Aliwajua watoto wale wengine kwa nguo zao kuliko kwa majina: mwenye kiraka cha goti alichokishona mara tatu, wale ndugu wawili wanaoachiana sweta moja, yule aliyeletwa na bibi yake apunguziwe sketi, si kwa kuwa ni ndefu, bali kwa kuwa mtoto amekonda. Mlango ulikuwa hatua nne tu.

"Mfute," akasema.

"Mama fundi, fikiri kwanza," kinyozi akamwambia kwa upole usio wa kawaida yake.

"Nikifikiri zaidi nitatoka."

Mwalimu mkuu aliweka rula, akapitisha mstari. "Sasa wa kumi na tatu, yule wa akiba, anapanda," alianza, kisha akaisukuma karatasi kwa mwenyekiti. Kinyozi alichungulia karatasi, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mpwa wangu. Nami nikitoka tunarudi kule kule. Hata usilitaje jina lake."

"Kwa hiyo nafasi moja inabaki wazi?" fundi akauliza.

"Inabaki wazi. Wa akiba alikuwa mmoja tu."

"Na wangu hawezi kuikalia? Akae tu, asikilize?"

"Mkaguzi huhesabu vichwa, mama. Akimkuta asiye kwenye fomu, wote wanafungiwa."

Wakanyoosha mikono. Wa fundi ulikuwa wa mwisho kupanda, nao ulipanda. Kinyozi akatoka mbio na fomu, na saa kumi kasoro robo akapiga simu kusema imepokelewa. Majina kumi na moja.

Nyumbani, binti alikuwa akianika soksi zake za shule. Alimtazama mama usoni tu, akajua.

"Mwalimu alisema nimo."

"Ulikuwemo, mwanangu."

"Nani kanitoa?"

Angeweza kuitaja kanuni, au akidi, au ofisi ya elimu, na kila moja ingekuwa kweli.

"Mimi."

Akamweleza yote, hata ile nafasi iliyobaki wazi. Binti alisikiliza kama alivyozoea kusikiliza kurasa za wenzake, bila kupoteza neno.

"Wale wana mama zao," akasema mwishowe.

"Nitakufundisha mwenyewe. Kila jioni, naapa."

"Umekwisha kujaribu, mama. Unalia, na mimi nalia." Akazianua soksi zikiwa bado zinachuruzika maji, akazikunja. "Kesho usiniamshe."

Kulipopambazuka fundi alisimama kando ya kitanda, ameishika sare aliyoipiga pasi. Binti alikuwa macho, uso ameuelekeza ukutani. Mama alimwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya chini. Kengele ya kwanza ya shule ikasikika, kisha ya pili, na binti hakugeuka.