Gari la Gia Zisizosikika

Gari lenyewe lilikuwa refu. Niseme hivyo kwanza, maana watu wakisikia gari wanafikiria kile kidogo cha kubeba watu wanne na mikoba yao. Hili mgongo wake uliendelea nyuma ya viti mpaka kwenye mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwenda juu, na ukilaza viti vya nyuma unapata mahali pa kutandika godoro. Nimeshatandika, najua. Rangi yake ilikuwa kijivu, ile inayositiri vumbi.

Alilinunua mkwe wetu, mume wa binti yetu wa mwisho. Halafu kazi ikamhamishia mbali, akatuachia sisi. "Mama, mtalihitaji," aliniambia. "Mwenzangu atajifungua mimi sipo, na baba ni dereva." Hilo la baba ni dereva halikuwa na ubishi. Mume wangu aliendesha malori kabla hajanioa, akaendesha mpaka akastaafu, na baada ya hapo akawa na pikapu yake kuukuu, gia yake ndefu ikitetemeka kama mwenye homa.

Aliyekuja kulikagua ni fundi wa gereji ya mtaani kwetu, ambaye sote tunamwita Spana. Aliinamia injini akawa anatutajia sifa zake kama mshenga aliyelipwa vizuri.

"Dizeli, lita mbili, silinda nne. Hiki hapa kinapuliza hewa ndani ya injini, ndiyo maana lina nguvu ya kuvuta hata likiwa halikimbii. Tangi la lita sitini. Gia nne, na zinajibadilisha zenyewe. Babu, mguu wako wa kushoto hauna kazi hapa."

"Kwa hiyo niupe likizo?"

"Uustaafishe kabisa."

"Na dereva mwenyewe anafanya nini, kama gari linafanya kila kitu?"

"Anashika usukani, anasalimia watu."

Mimi napenda kujua kitu kwa undani, basi nilimwuliza Spana habari za zile herufi kwenye mkono wa gia, akanieleza moja moja: ya kuegesha, ya kurudi nyuma, ya kutokuwa popote, ya kwenda. Akanionyesha na taa ndogo ya njano, mchoro wake kama springi ya kitanda. Ukizungusha ufunguo inawaka. Usipige stata, ngoja izime, kwa sababu dizeli hutaka kupashwa moto kwanza. Hapo ndipo nilipolipenda. Gari linalotaka kusubiriwa tunaelewana.

Mwendo wake sasa. Ukiachia breki, hata hujagusa mafuta, linaanza kujivuta lenyewe, polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Ukikanyaga mafuta linafikiri kidogo, kisha linaondoka kwa uzito, halirushi mtu kichwa. Gia zinapobadilika husikii. Likishashika kasi, injini inashusha sauti, inabaki kuvuma tu chini kwa chini, na humo ndani unaweza kusuka nywele za mtu. Mimi nilisema ni raha. Mume wangu alisema, "Gari bubu."

Tangu siku ya kwanza alinipa kazi. "Konda," aliniita hivyo, "nisomee mshale." Basi nakaa kiti cha mbele, miwani usoni, nachungulia upande wake. Kuna saa mbili zimekaa pamoja, moja ya kasi na moja ya mzunguko wa injini. Nasoma, "Hamsini." Anasema, "Vizuri." Nasoma, "Sabini." Anaondoa mguu kidogo. Na ile taa ya njano nayo: "Imezima?" "Bado." "Na sasa?" "Imezima." Ndipo apige stata.

Nilidhani ananifundisha. Au ananitania, maana ndiyo desturi yake. Tulimpeleka binti kliniki hivyo, yeye nyuma na tumbo lake, mimi mbele nikisoma, akicheka, "Mama, utadai mshahara." Na siku uchungu ulipomshika tulimpeleka hospitali hivyohivyo. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mweupe viganja kama karatasi. Wakasema atalala, kesho yake atatoka.

Jioni ile tulimpelekea nguo safi. Nilivua miwani ili nimbusu mtoto bila kumchoma, nikaiweka juu ya kabati la kitanda, na hapo ndipo ilipobaki. Niligundua tumeshatoka getini. Sikusema kitu. Niliona hata bila miwani mshale ni mshale.

Barabara ya kurudi inapita kando ya ukuta mrefu wa ghala, imenyooka, na saa ile ilikuwa tupu.

"Konda. Mshale?"

Nikakaza macho. Niliona kijiti kimelala chini upande wa kushoto. "Arobaini."

"Arobaini tu? Mbona tumekuwa konokono?"

Akakanyaga. Gari likafikiri kidogo, likateremsha gia, likanguruma, halafu likanyamaza. Ukuta ukaanza kuyeyuka dirishani kwangu. Nikamwambia, "Mzee, punguza," akasema, "Kwa arobaini?" na maneno hayajamwisha mdomoni tukapanda tuta. Sikubaki kwenye kiti, nilielea. Ndoo na chupa ya chai vilivyokuwa nyuma viligonga paa vikarudi na kelele zao. Akashika breki, gari likakaa chini kwa mbele, likasimama pembeni ya barabara salama, injini inavuma kama vile halijafanya lolote.

Nilisogeza uso mpaka karibu na zile saa. Nilikuwa nimesoma isiyo yenyewe. Ile ya mzunguko, ambayo kwa dizeli hii inakaa chini hata gari likikimbia. Ya kasi ilikuwa ile ya pembeni yake.

"Umesema arobaini," mume wangu akasema.

"Nimesema. Miwani nimeiacha kwa mtoto."

"Basi kosa ni lako."

"Langu. Lakini ule ukuta ulikuwa unapita mbio, baba watoto. Mtu angejua siyo arobaini. Hukuuona?"

Akazima injini. Akaiwasha swichi tena bila kupiga stata, akaizima. Mikono yake ilikuwa inatafuta cha kufanya.

"Naona weupe," akasema. "Ukuta ni mweupe, barabara nyeusi. Nakaa kwenye nyeusi."

"Na watu?"

"Kinachotembea nakiona."

"Na aliyesimama?"

Mimi sikuuliza tena, nilimwacha. Kuna maneno ukimfukuza mtu nayo anakimbilia kwenye uongo, ukimsubiri anakuja mwenyewe.

"Kwenye pikapu nilikuwa najua," akasema baadaye. "Gia ya tatu ikilia vile, mwendo ni huu. Ya nne ikitetemeka hapa kiganjani, mwendo ni ule. Sihitaji saa. Hili halisemi kitu. Nimekaa nalo wiki zote hizi kama nimepanda wingu."

"Na mimi nikawa macho yako bila kuambiwa."

"Ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi, ndiyo."

Akashika usukani. "Niachie kesho tu. Nimchukue yule mtoto nimlete nyumbani, halafu basi. Nimebeba saruji, nimebeba mahindi, nimebeba maharusi na maiti. Sijambeba huyu."

Nakuambieni, niliumia. Nilimjua huyu mtu kuliko nilivyojua jikoni kwangu, na kitu alichokuwa anaomba kilikuwa kidogo. Safari moja. Njia anaijua. Ningekaa mbele na miwani yangu nisome kila kitu, hata majina ya maduka. Nilifikiria hivyo kweli, siwafichi. Kisha nikakifikiria kile kichwa kidogo kilichokuwa mkononi mwangu muda si mrefu, na nikamfikiria mtu mwingine yeyote aliyesimama tu kando ya barabara anasubiri.

"Kesho huendeshi," nikasema. "Wewe unaambiwa na mimi, lakini ningeomba ujiambie mwenyewe."

"Na sasa? Tulilaze gari hapa?"

"Nimpigie Spana."

"Usimpigie. Kona ya nyumbani ni ile pale. Nitalifikisha."

"Mimi sipandi."

Nikafungua mlango nikashuka. Sikushuka kwa hasira, nilishuka nikazunguka mpaka upande wake, nikashika fremu ya dirisha. "Liache lijivute lenyewe," nikamwambia. "Usiguse mafuta. Mguu kwenye breki."

Akawasha, akaachia breki, na lile gari zito likaanza kwenda kwa mwendo wangu mimi, mwanamke mwenye magoti mabovu. Nikatembea nalo kando. "Kulia kidogo. Hapo. Kuna shimo, simama. Nenda." Dizeli haikulalamika wala haikuzimika, ilivuta tu, na nikawaza kwamba gari lolote lingine lingetuaibisha.

Wapita njia walituaibisha badala yake. Kijana mmoja wa baiskeli akapunguza mwendo. "Bibi, limeishiwa mafuta?"

"Linafundishwa kutembea."

"Na babu?"

"Babu anashika usukani, anasalimia watu," mume wangu akajibu mwenyewe, na akapunga mkono, ila akapunga kidogo pembeni ya yule kijana. Kijana akanitazama mimi. Akaacha kucheka, akaendesha baiskeli yake taratibu mbele yetu mpaka kwenye kona, akawa anazuia waliokuwa wanakuja.

Tulipofika, ufunguo hakunipa. Aliutia mfukoni mwa shati, akaingia ndani, akalala na shati hilohilo.

Asubuhi sikumkuta kitandani. Nilikimbilia dirishani nikaona gari lipo, nikakaa chini nikapumua. Alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka gereji, akarudi na Spana, ambaye alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko na amevaa shati lisilo na grisi. Spana hakuwa na utani wowote, nikajua ameambiwa. Alizungusha ufunguo, akangoja taa ya njano. Mume wangu alipapasa mlango wa kushoto, akaupata mkono wake, akakaa pale nilipokuwa nikikaa mimi. Mimi nikaenda nyuma.

Binti alitoka amebeba mtoto, miwani yangu ameining'iniza kwenye nguo yake. Alipomwona Spana kwenye usukani alisimama.

"Baba anaumwa?"

"Siumwi," mume wangu akasema kutoka kiti chake. "Sioni, mwanangu. Macho yamekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya gari hili."

Nilimtazama binti yangu akihesabu moyoni. Kliniki. Ile safari ya uchungu. Alipanda akafunga mlango mwenyewe, akamwekea mtoto mkono kichwani njia nzima. Spana aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila alipokaribia tuta nilimwona mume wangu akikaza mguu wake wa kulia kwenye zulia, pale ambapo hakuna breki. Hakuna aliyemcheka. Alijaribu kusema, "Mtoto amelala?" na jibu halikuja, nikajibu mimi kwamba amelala.

Nyumbani binti alishuka wa kwanza. Alinipa mtoto bila kunitazama, maana na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika hasira ile, akaweka begi chini. Nilidhani anaingia ndani. Akazunguka mbele ya gari mpaka upande wa kushoto, akafungua mlango wa baba yake, akamshika mkono wa shati, siyo kiganja, shati.

"Shuka. Kuna ngazi hapo mbele."

"Najua ngazi za nyumba yangu."

"Mimi sijui tena unajua nini," akasema. "Inua mguu."

Akainua.