Mbuzi Wasiohesabiwa

Mwalimu Safiyo amestaafu, lakini chuo cha ualimu bado anakikumbuka. Si bweni analokumbuka, wala chakula. Ni asubuhi moja ya mwaka 1994, darasa la tatu, katika shule moja karibu na Bura, alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Mhadhiri wake alikaa dawati la nyuma, kalamu mkononi. Mara ya kwanza alikuwa amemwangusha. Akimwangusha tena, chuo basi. Na kwao, ambako hakuna aliyewahi kuingia darasani kabla yake, watu walishaanza kumwita mwalimu. Mama yake alikuwa amewatangazia mpaka madereva wa malori.

Somo lilikuwa hesabu za kutoa. Andalio lake la somo lilisema atumie mifano ya nyumbani kwa wanafunzi.

"Alio, kwenu mna mbuzi wangapi?"

Alio akainama. "Tuko na mbuzi, mwalimu."

"Wangapi?"

"Wengi kidogo."

Darasa likacheka.

"Haya, Amran?"

"Mwalimu, uliza kitu ingine."

Kalamu ikakwaruza kule nyuma. Jasho likamtiririka Safiyo chini ya hijabu. Ndipo alipotambua alichofanya. Mama yake mwenyewe hajawahi kutaja idadi ya mbuzi wake mbele ya watu; kuwahesabu kwa sauti ni kuwaitia kijicho. Mwaka mmoja tu chuoni, naye amelisahau hilo kama mgeni. Na mifano yote saba ya andalio ilikuwa ya mbuzi.

Akalifunga daftari.

"Vueni ndara. Zote hapa mbele."

Wakahesabu pea ishirini na nne. Akaficha tano chini ya meza.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa," wakajibu, na Amran akaongeza, "Zangu ziko huko chini, mwalimu. Usisahau, nje kuna miiba."

Kengele ilipolia, mhadhiri akaja mbele.

"Umeacha andalio lako."

"Nimeliacha. Lilikuwa baya."

"Hawa watoto hawajui idadi ya mbuzi wao?"

"Wanamjua kila mbuzi kwa alama ya sikio lake. Hawasemi tu."

Mhadhiri akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akamgeuzia karatasi: hafuati andalio, sauti inatetemeka, amepita. Ilikuwa alama ya chini kabisa inayokubalika.

Safiyo akasema asante, akatoka nje, akazunguka nyuma ya darasa, akatapika chai yote ya asubuhi. Kisha akajifuta mdomo akarudi upesi, maana kipindi cha Kiingereza kilikuwa chake pia, na mhadhiri hakuwa amesema anaondoka.