Majina Manne ya Nyumba Mbili

"Jeneza halishuki," kaka yangu Nzuki alisema, ameikunja mkononi programu ya mazishi niliyoiandika mimi. "Mimi ndio kifungua mimba wa hii boma. Leo nimekuwa wa mwisho?"

Mchungaji alifunga Biblia, akaifungua tena. Jua la saa saba pale Kathonzweni halimhurumii marehemu wala aliye hai, nami nilisimama kando ya kaburi la baba nikitamani ardhi inifiche mimi kwanza.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa Tseikuru, nikiandikisha wafugaji wa mradi wa chanjo ya mbuzi. Laptop yangu ilishakufa kwa vumbi, na sikuililia. Nilinunua kibodi ya kukunja, kipanya kidogo, standi na pawabanki, nikaiegemeza simu juu ya standi, nikawa na ofisi nzima ndani ya mkoba wa bega. Nilijivunia mno. Leo Mwingi, kesho Matinyani, nikifanya kazi popote penye kiti na hata pasipo na kiti, na kwetu nilikuwa nikifika kama mgeni, mguu mmoja ndani na mwingine barabarani.

Nzuki aliponipigia kuniambia baba ametuacha, sauti yake ilikuwa ya upole. "Kalondu, wewe uko na ofisi kwa simu. Andika eulogy na programu ya mazishi, sisi tutachapisha hapa Wote."

Niliiandika njiani, kwenye meza ya hoteli Kitui mjini, chai ikipoa pembeni. Ripoti ya mbuzi ilitakiwa jioni ileile, kwa hiyo nikawa naruka kutoka kwa wafugaji hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa wafugaji. Majina ya wafugaji huwa nayapanga kwa alfabeti, nabonyeza mara moja tu. Kidole kikabonyeza kwa mazoea, na ndugu zangu nao wakajipanga: Gedion, Kalondu, Mulei, Nzuki.

Mimi na Gedion ni wa nyumba ya pili. Nzuki na Mulei ni wa nyumba ya kwanza, ya mama mkubwa, Kaveke, mke wa kwanza wa baba. Kwetu nyumba ya kwanza husomwa kwanza, na mkubwa humtangulia mdogo, hata kama huyo mdogo ndiye aliyemwogesha mgonjwa. Mtoto wa Ukambani hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

"Amefanya makusudi," Mulei alisema pale kaburini.

"Ni simu imejipanga," nikajibu. "Wacha nirekebishe saa hii."

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaikunjua ofisi yangu mbele ya waombolezaji wote. Majina niliyapanga upya, lakini nakala zilikuwa tayari mikononi mwa watu, wengine wakijipepea nazo.

Mama mkubwa aliinuka kitini, akaja akaniinamia. Mama yangu alifariki zamani. Sasa baba naye hayupo, ni yeye tu aliyebaki, na angenikataa siku ile nisingekuwa na boma la kurudi.

"Uliona hayo majina kabla ya kutuma?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Ningeweza kudanganya. Simu ilishabeba lawama, ingebeba na hiyo.

"Niliona, mwaitu." Nilimwita mama, machozi yakanitoka. "Nilitaka tuanze sisi. Mara moja tu."

"Baba yenu pia alikuwa anaona," akasema. "Vile nyinyi mlikuwa mnapewa chakula mwisho. Alikuwa anaona na ananyamaza." Akavuta pumzi. "Na mimi ndio nilikuwa napakua."

Kisha akamgeukia Nzuki. "Atasoma kwa simu. Majina iko sawa sasa. Baba yenu azikwe."

Nikasimama nikasoma: Nzuki, Mulei, Kalondu, Gedion. Nzuki akaikunja programu mara nyingine, akaitia mfukoni, akashika kamba pamoja na wenzake. Jeneza likashuka.

Baadaye watu walipanga foleni ya chakula, muthokoi wa mahindi na maharagwe, nami nikaenda kusimama nyuma kabisa bila hata kufikiri. Mama mkubwa hakuniita mbele. Alikuja na sahani yake, akasimama nyuma yangu.