Niliwauzia Waliokuja na Vikapu

Nimeuza vyombo kwenye sebule za watu kwa miaka mitatu hapa Gitega, na uso wangu ni mkavu. Anayeona haya hauzi. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kuona aibu ovyo. Lakini ile Jumapili ya mwezi wa nane, nyumbani kwangu Musinzira, niliona aibu ambayo hadi leo ikinijia nikiwa nafua, naacha nguo majini nasimama.

Kazi yenyewe ni hii. Zehrabai, mama mwenye duka la vyombo karibu na soko, ananipa mzigo. Mimi natafuta mwanamke mwenye sebule nzuri na majirani wengi, naye anawaalika chai. Wakishakaa, napanga mezani chupa za chai, hotipoti na mabakuli yenye mifuniko ya kubana. Najaza bakuli maji, naligeuza juu chini juu ya kichwa cha mtu, na hakuna tone linalodondoka. Wanawake wanasema "eee!" Wakishasema "eee" wamekwisha. Mwenye nyumba anapewa bakuli la asante, na rafiki yangu Raissa ananisaidia kufunga na kubeba.

Nilipopata mimba, biashara ilipanda. Mwanamke wa miezi saba akisimama mbele yako anafuta jasho, utamnyima nini? Nilijua hilo na nililitumia. Nilikuwa nashika kiuno hata siku ambazo hakikuuma. Zehrabai aliniambia huku anacheka, "We Jeska, hii tumbo yako iko nauza kupita mdomo. Donc ukizaa tutafanya je?" Tukacheka wote wawili.

Nilizaa binti, wiki mbili kabla ya siku zangu, na mzigo wa mwisho ukabaki chumbani, makatoni manne yamefika dirishani. Mzazi hatoki. Siku hizo za kukaa ndani tunaziita kiriri, na aliye kwenye kiriri hashiki hata ufagio, sembuse kuzunguka mitaani na hotipoti. Nililala nikiyaangalia makatoni, nayo yananiangalia.

Sasa nimseme Klara. Mimi sina mama. Mama yangu tulimzika Kasulu, kwenye kambi ya wakimbizi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukarudi Burundi bila yeye. Nilipoolewa na Egidius nikampata mama yake, Klara, mkulima wa Giteranyi, kule Muyinga karibu na mpaka. Naye alikulia Tanzania kama mimi, kwa hiyo tunaelewana hadi kwenye utani. Hakuwahi kuniita mkwe nyumbani, aliniita mwanangu. Mimba ilipofika miezi sita alinipigia simu akasema, "Ukizaa nitakuja kukuhemba na wenzangu. Wao watarudi, mimi nitabaki mwezi mzima. Nitakukanda, nitakuogeshea mtoto, wewe ulale." Kuhemba ni watu kumjia aliyezaa na chakula na pombe, wamrudishie nguvu. Hilo la chakula sikulijali sana. Nililotaka ni huo mwezi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu Kasulu hakuna mtu aliyewahi kuniambia lala.

Wazo la kuuza siku ile lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Niliwaza: watu zaidi ya kumi ndani ya sebule yangu mwenyewe, wamekaa, wana furaha, na hakuna mwenye nyumba wa kumpa bakuli la asante. Nilipomwambia Raissa, alishika mdomo.

"Mais Jeska, na ba mama ba Giteranyi? Bale banakuletea, we unabauzishia?"

"Nitawauzia majirani wa hapa. Wa Giteranyi wataangalia tu."

"Aya. Mgeni njoo mwenyeji apone. We unataka kupona kabisa."

Nilimkasirikia, nikamwambia afunge utepe kwenye chupa za chai. Nilitaka ziwe na utepe mwekundu shingoni, kila moja na fundo lake, kwa sababu kitu chenye utepe kinauzika haraka.

Siku hizo mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani. Klara na wenzake watano walitoka Giteranyi Ijumaa kwa baiskeli, wakalala Muyinga mjini, Jumamosi wakangoja gari mpaka jua likazama, wakapata Jumapili alfajiri. Waliingia kwangu mchana, vikapu kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Walileta unga wa mtama, maharage, ndizi, na dumu la impeke, ile pombe ya mtama. Mama mmoja mzee, Imelda, jirani wa Klara, alikuwa amempakata kuku hai njia nzima kutoka Muyinga. Klara alikuwa na mfuko wa ziada begani, wa nguo za kubaki nazo.

Majirani zangu kumi walikuwa wameshakaa. Wao walijua, nilikuwa nimewatumia ujumbe kwamba kuna vyombo vipya. Meza ilikuwa katikati, kitambaa cheupe, chupa za chai mbele, hotipoti nyuma. Mimi nilikaa pembeni na mtoto kifuani.

Klara alisimama kutoa hotuba kama inavyotakiwa. Alitaja safari, akamshukuru Mungu kwa mtoto, akasema mkono mtupu haulambwi ndiyo maana wamekuja na walichonacho. Akaweka kikapu chake mbele yangu. Kwetu kikapu cha kuhemba hakirudi kitupu. Mwenye nyumba anatia kitu ndani, sabuni, chumvi, chochote. Klara akageuka kidogo, akaiona meza. Akaona zile chupa za mstari wa mbele. Zilikuwa sita. Nao walikuwa sita. Naapa sikuwa nimehesabu.

Akawageukia waliokuja naye.

"Wenzangu," akasema, "njiani mlikuwa mnaniuliza huyu mkwe wangu wa mjini atatupokeaje. Si mnaona? Hata idadi yetu ameijua. Yuko kwenye kiriri, ana uchungu mwilini, akakumbuka wazee wa Giteranyi."

Wakapiga vigelegele. Klara akasogea mezani, akachukua chupa moja moja, akamkabidhi kila mmoja kwa mikono miwili. Imelda aliikumbatia yake pale alipokuwa amempakata kuku. Jirani yangu mmoja akacheka puani. Wengine wakanitazama mimi.

Raissa alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama akatikisa kichwa polepole, na nilimwelewa vizuri sana: nyamaza, Jeska, ziende. Nilikuwa na nafasi ya kumeza mate mara moja. Mtu mwenye moyo angefunga mdomo. Chupa sita si kitu cha kuua mtu. Nikaona ule mstari mtupu mezani, nikaona makatoni, na roho yangu ikasinyaa.

"Mama," nikasema, "samahani. Hizo ni za kuuza."

Laiti ningeishia hapo. Lakini mdomo uliozoea haungoji ruhusa. Ukaendelea wenyewe, ukataja bei. Ukasema pia kwamba anayechukua mbili anapunguziwa.

Mtoto alikuwa ananyonya, na sauti yake ya kumeza ilisikika sebule nzima. Imelda ndiye wa kwanza kuinuka. Alikwenda mezani, akaifuta chupa kwa ncha ya kitenge chake pale viganja vyake vilipogusa, akairudisha, akahakikisha utepe umekaa sawa. Wenzake wakafuata, kila mmoja akifuta. Klara alikuwa wa mwisho.

Alirudi katikati akacheka kidogo. "Tusameheni, sisi watu wa shamba tunaona vitu vinang'aa tunajisahau. Mwanangu ana kazi yake, na kazi ni kazi." Kisha akamalizia hotuba yake. Alinikinga mimi mbele ya watu, mimi niliyemvunjia heshima mbele ya watu hao hao. Ningepata mahali pa kuuficha uso wangu ningeuficha, lakini nilikuwa na mtoto mikononi, nikabaki naona kila kitu.

Hawakukaa. Walikunywa kidogo kwa adabu, wakasema wanawahi gari. Klara akachukua mfuko wake wa nguo.

"Mama, si ulisema unabaki?"

"Nyumba yako ina shughuli, mwanangu. Na hawa wazee siwezi kuwaachia njia peke yao."

Hakuwa na hasira. Egidius, aliyekuwa uani na wanaume, aliwasindikiza hadi kwenye magari. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Umemvua mama yangu nguo." Na majirani, kabla ya kuondoka, walinunua hotipoti nne. Ndiyo, nilizipokea pesa zao. Niliuza siku ile.

Nikamwogesha mtoto mwenyewe. Nikajikanda mwenyewe kwa maji moto, vibaya, hadi nikajiunguza paja. Nilimpigia Klara simu kila Jumapili. Alijibu, akauliza mtoto anaendeleaje, akasema tunamshukuru Mungu, akaaga. Hakuniita mwanangu. Alisema "mama wa mtoto."

Mtoto alipofika miezi mitatu nikaenda kwa Zehrabai, nikanunua chupa sita kwa pesa yangu. Alikuwa amesikia, mji huu hauna siri.

"We unapeleka kuuza Muyinga?"

"Napeleka kuwapa wenyewe."

Alizifunga kwa magazeti taratibu, moja moja. "Alors, chupa ibaki nyuma. Kwanza uombe pardon. We iko na haraka ya kuonesha vitu."

Sikumsikiliza. Nilimpigia Klara nikamwambia tu, "Mama, Jumamosi nakuja na zile chupa." Neno zawadi lilinishinda kwenye simu. Nilitaka kuliweka mikononi mwao, waone wenyewe, nami nione nyuso zao. Hata katika kuomba msamaha nilitaka kupanga meza.

Nilifika Giteranyi Jumamosi saa nane, mtoto mgongoni, katoni nyuma ya baiskeli ya kukodi. Wale mama watano walikuwa wameshakaa mkekani mbele ya nyumba ya Klara. Walikuwa wameoga, wamevaa vitenge vya kanisani, na wamekaa kwa mstari kama wanavyokaa wateja wangu. Kila mmoja alikuwa na fundo kwenye ncha ya kitenge. Sikuelewa mpaka Imelda alipoanza kulifungua lake kwa meno.

"Tumevunja kisanduku cha kikundi," akasema. "Kilikuwa cha mbolea, lakini mbolea itangoja. Tupatie sasa, mama. Bei ni ile ile?"

Nikapiga magoti pale pale vumbini. Nikawaambia hapana, ni zawadi, nimezilipia, nilikosa sana siku ile, wanisamehe. Nilisema yote kwa mkupuo na machozi yakanitoka.

Wakatazamana. Imelda akanishika bega.

"Mwanangu, unalia nini? Sisi ndio tuliokosa. Tulishika mali ya watu bila kuuliza, tukakuaibisha mbele ya majirani zako, mtoto mchanga mkononi. Tangu siku ile hatujalala vizuri. Usitupe bure, utatuongezea."

Miezi mitatu. Aibu ilikuwa yangu, na walikuwa wameibeba wao, wakalima nayo, wakaenda nayo kanisani, mpaka wakavunja kisanduku chao wapate kuitua. Nilimgeukia Klara aniokoe. Alikuwa amekaa kizingitini, mtoto wangu, aliyemtoa mgongoni kwangu nilipofika, yuko mapajani, anamkagua vidole vya miguu. Hakuinua macho.

Mkono wa Imelda ulibaki mbele yangu, na noti zake zilikuwa na unyevu wa fundo. Nilikataa mara ya pili, nikaona uso wake unaanza kusinyaa. Kukataa mara ya tatu kungekuwa kumwambia kwamba pesa yake haifai kwangu. Nikapokea. Nikampa chupa kwa mikono miwili. Wa pili akanyoosha mkono, nikapokea. Nilipokea mara tano, na kila mara nilisema asante kama muuzaji.

Ikabaki moja.

Klara akamfunga mtoto mgongoni bila haraka, akaja. Akaitoa chupa kwenye katoni, akafungua kifuniko, akachungulia ndani, akanusa, akaifunga, akaiweka kwapani. Akaanza kurudi ndani.

"Klara!" Imelda akamwita. "Na wewe hulipi?"

Klara akasimama. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Nimlipe mwanangu?" akasema. "Tena na hicho kitenge alichojifunga juu nakitaka. Kinanipendeza mimi kuliko yeye. Hebu kilete."

Nikakifungua nikampa. Akakikunja, akaingia nacho ndani na mtoto wangu, na wenzake wakacheka, wakasema Klara kwa kunyang'anya hajambo. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, zile noti zimejaa viganja vyote viwili, na sikujua pa kuziweka.