Safu ya Sababu

Timu ya taifa ya badminton ilikuwa haijashinda mechi ya kimataifa kwa miaka kumi na minane, na hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyepita mlangoni pa ukumbi wake. Ubao wa matokeo ulining'inia pale pale tangu ukumbi ulipofunguliwa, na mchoraji, masikini, alikuwa ameacha nafasi kubwa upande wa ushindi akidhani itahitajika. Mechi thelathini na nne, ushindi sifuri. Wachezaji walishajizoeza kuingia wakitazama viatu vyao.

Nyuma ya ukumbi, kati ya stoo ya nyavu na choo ambacho mlango wake ulikuwa na tabia ya kumng'ang'ania mtu ndani, alifanya kazi mwanamke waliyemwita Mama Gundi. Kazi yake ilikuwa kufufua vinyoya. Kinyoya ndicho kile kipira chepesi cha badminton: kichwa kidogo kama kizibo cha chupa, na manyoya kumi na sita ya bata yaliyopandwa juu yake kwa duara. Kikipigwa sawasawa hakichukui muda kabla manyoya hayajakatika. Vipya vilikuwa adimu, vikifungiwa kabatini kungoja mechi. Basi Mama Gundi aliokota vilivyokufa, akang'oa manyoya mazima kwenye hiki, akayapandikiza kwenye kichwa cha kile, akayafunga kwa uzi na kuyapaka gundi.

Viwandani hupaka mara mbili. Yeye alipaka mara nne, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi safi na hakupenda kuona kitu chake kikirudi mezani siku hiyo hiyo. Vya kwake vilidumu wiki nzima. Kila kocha aliyepita alimwambia kwamba bila yeye timu ingekuwa imeshazikwa, na Mama Gundi hakujifanya kuona haya. Alizipokea sifa hizo kama mshahara wake wa pili.

Binti yake alikulia chini ya meza ile ya gundi, akaja kuwa mchezaji namba moja wa nchi. Nyumbani hakuna aliyefua dafu mbele yake. Akitoka nje, mambo yalikwenda kombo. Vipira vyake vya juu, vile vya kumsukuma mpinzani hadi mstari wa nyuma, vilianguka katikati ya uwanja kana kwamba vimechoka njiani, na mpinzani akavikandamiza chini apendavyo. Magazeti yakambandika jina: Mkono wa Pamba. Makocha nao wakaamua kwamba tatizo ni udhaifu wa mikono, wakawabebesha wachezaji vyuma asubuhi na jioni, na yeye, kwa kuwa aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ya wenzake, alibeba kuliko wote. Bega likachanika. Likapasuliwa, likashonwa, likapasuliwa tena. Sasa ana miaka ishirini na saba na mkono wake wa kulia haupandi zaidi ya kifua. Kila asubuhi mama yake ndiye humchana nywele.

Jumatatu moja Katibu wa chama aliingia chumba cha gundi akiwa amekumbatia mafaili yenye vumbi la miaka. Wizara ilitaka rekodi yote ya timu ndani ya daftari moja, ipate kuamua kama itaifuta timu au itaipa nafasi ya mwisho.

"Mama, wewe mwandiko wako unasomeka," alisema. "Mimi nikiandika, kesho yake hata mwenyewe sijisomi. Tarehe, mpinzani, matokeo, sababu. Ijumaa tarishi wa wizara anakuja kulichukua."

"Sababu ya nini?"

"Ya kufungwa, mama. Kwani tuna nyingine?"

Aliandika siku mbili. Kurasa za mwanzo zilimshangaza, maana zilikuwa za zamani, kabla ya ukumbi na ubao wake. Kumbe timu hii iliwahi kushinda: mechi kumi na tisa, ushindi saba. Haikuwa timu ya kutisha mtu, lakini iliheshimika. Kisha ukaja mwaka wa ukumbi mpya, na ushindi ukakatika kama maji ya bomba lililofungwa. Mwaka huo Mama Gundi aliukumbuka vizuri. Ndio mwaka alioajiriwa.

Bado hakushtuka. Aliendelea kunakili taarifa za makocha kwenye safu ya mwisho, safu ya sababu. Kocha wa kwanza: vipira vifupi, hewa ya ugenini ni nzito. Wa pili: vipira vifupi, mikono haina nguvu. Wa tatu: vifupi tena, waongezewe vyuma. Wa nne alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mechi ya mwisho ya binti yake aliandika hivi: "Vifupi. Sielewi. Mazoezini vinafika."

Hapo kalamu ilisimama. Alilisoma neno hilo mara tatu. Kisha akafungua kabati, akatoa kinyoya kimoja kipya, akachukua na kimoja cha kwake kutoka mezani, akavuka barabara hadi duka la dawa, ambako muuzaji alikuwa na mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa.

"Umeanza biashara ya dhahabu, mama?" muuzaji alimtania.

"Pima tu, mwanangu."

Kipya kilikuwa gramu tano. Cha kwake kilikaribia sita.

"Hiki cha pili kimekula kikashiba," muuzaji alisema, akacheka peke yake.

Mama Gundi hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameishi na vitu hivi theluthi ya umri wake. Kinyoya kizito husafiri mbali. Mkono uliozoea kizito, ukipewa chepesi, hupiga kwa nguvu ile ile na kipira hakifiki. Kwa miaka kumi na minane watoto wa watu walikuwa wamejifunza kipimo kwenye gundi yake, kisha wakapelekwa ugenini kupimwa kwa kitu kingine. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa bila kukaribishwa.

Katibu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kufunga mlango.

"Hilo usiliandike," alisema. "Kwenye karatasi za wizara, sisi mazoezi tunafanyia vinyoya vipya. Nimetia sahihi mimi, na walionitangulia walitia."

"Mwanangu anaitwa Mkono wa Pamba."

"Na wewe utaitwa nani, mama? Umelifikiria hilo?" Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Andika mikono dhaifu. Watu wameshaizoea."

Usiku huo na kesho yake Mama Gundi alikaa na neno moyoni, ulimi mzito. Aliogopa, tuseme ukweli. Jina la mwanawe lilikuwa mkononi mwake, lakini kulisafisha ilimpasa kumwambia ni nani aliyemvunja bega. Alhamisi asubuhi, chanuo likiwa katikati ya nywele, alipiga moyo konde akasema yote. Mizani, gramu, kocha wa nne. Alisema akiwa nyuma yake, na alijua kwamba amechagua kusimama nyuma kwa makusudi.

Binti yake akainuka nywele zikiwa zimechanwa upande mmoja.

"Twende ukumbini."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kupiga kutoka juu hakuweza, lakini kutoka chini, mkono ukiwa kiunoni, bado aliweza. Alipiga vinyoya kumi vya mama yake. Vyote vikatua kwenye mstari wa nyuma, kimoja baada ya kingine. Akapiga vipya kumi, kwa nguvu ile ile. Vyote vikaanguka katikati, vikalala pamoja mahali pamoja.

"Hapo," alisema, akinyoosha raketi. "Siku zote vilikuwa vinaangukia hapo hapo."

"Mwanangu, nisamehe."

"Mkono wangu ulikuwa mzima, mama. Siku walipoanza kunibebesha vyuma, ulikuwa mzima."

Mama Gundi alitamani apigiwe kelele, atukanwe, apate cha kujitetea nacho. Binti yake aliinama, akaokota vile vipya kwa mkono wa kushoto, akavirudisha kwenye kopo lake.

"Kaandike," alisema.

Aliandika. Mbele ya mechi thelathini na nne, chini ya maneno ya makocha, alirudia sentensi moja kwa mwandiko ule ule unaosomeka: vinyoya vya mazoezi vilikuwa vizito, vilitengenezwa na mimi. Chini kabisa akatia jina lake kamili, ambalo ukumbini hakuna aliyelijua. Ijumaa tarishi alipofika, Katibu alikuwa chooni akipambana na ule mlango, na Mama Gundi alimkabidhi tarishi daftari, akangoja hadi pikipiki iondoke, ndipo akaenda kumfungulia.

Timu ilifutwa mwezi uliofuata hata hivyo. Daftari halikujibiwa, na magazeti hayakuandika lolote juu ya gundi. Mkono wa Pamba alibaki Mkono wa Pamba kwa wote isipokuwa watu wawili.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile Mama Gundi alirudi nyumbani mapema, akajipa moyo njiani kwamba angalau amefanya alichoambiwa. Alimkuta binti yake kwenye kiti kile cha kuchaniwa nywele, mikasi mapajani. Nywele zilikuwa sakafuni. Alikuwa amezikata mwenyewe kwa mkono wa kushoto, huku fupi, huku ndefu kidogo, na juu ya sikio pakiwa na damu iliyoanza kukauka.

"Nimeandika," Mama Gundi alisema. "Zote."

"Asante, mama." Hakugeuka. "Usihangaike tena asubuhi. Sasa naweza mwenyewe."

Chanuo lilikuwa limeoshwa na kuwekwa juu ya meza ya mama yake, mahali pa vitu vyake. Mama Gundi alisimama mlangoni kwa muda bila kujua aiweke wapi mikono yake, kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele.